Tupande Hata Kama Hatutavuna Sisi

(Mazungumzo yaliyotolewa redioni katika kipindi cha ibada)

  

Somo letu la leo limo katika Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, mstari wa 7 na wa 8. Yakobo anatuonyesha mkulima. Mkulima huyu amekwisha kulima na amekwisha kupanda. Sasa anangojea mvua ya kwanza na mvua ya mwisho. Hawezi kuivuta mvua kwa kamba, wala hawezi kuiamuru punje iote upesi. Sisi wa nchi hii twamfahamu sana mtu huyu. Twafahamu pia mtu wa namna nyingine, yule anayekwenda shambani kila asubuhi na kufukua udongo ili aone kama mbegu imeota. Mtu huyo hapati ila hasara, kwa maana mbegu inayofukuliwa kila siku haiwezi kushika mizizi.

Neno ambalo Yakobo anatufundisha hapa ni saburi. Leo twataka kulieleza neno hili kwa ajili ya watu fulani hasa, yaani wale waliokusudia moyoni jambo jema na gumu, ambao sasa wamechoka.

Ndugu zetu, kuanza si kazi. Tumeona mara nyingi washarika wanaamua kujenga kanisa la mawe. Siku ya harambee watu wanaimba, kuku na mbuzi wananadiwa, wazee wanatoa ahadi zao mbele ya wote, na akina mama wanabeba mchanga kutoka mtoni kwa furaha. Kuta zinafika kwenye madirisha. Kisha ukame unaingia, fedha zinakwisha, mwenyekiti wa kamati anahamia mbali, na baada ya miaka miwili nyasi zimeota ndani ya kuta, pale pale ambapo meza ya Bwana ilitazamiwa kuwekwa. Wapitao njiani wanatikisa vichwa.

Hali hiyo si ya majengo tu. Yuko msichana aliyetaka kuwa muuguzi. Karo imemshinda mara mbili. Rafiki zake wameolewa, naye bado anauza mboga sokoni na kuweka akiba ya shilingi chache kila juma. Yuko mama mjane aliyemwahidi mumewe kitandani pa mauti kwamba watoto wote watasoma. Yuko kijana aliyeacha pombe, ambaye kila jioni hana budi kupita mbele ya mlango wa kilabu akielekea nyumbani. Wote hawa walianza vizuri. Lakini sasa ni mwaka wa tatu, au wa saba, na hakuna anayewapigia makofi tena. Wanajiuliza, je, Mungu yuko katika jambo hili, au tulijidanganya wenyewe?

Wazee wetu walisema kwamba mstahimilivu hula mbivu. Ni neno la kweli, nasi tumelelewa nalo. Lakini hebu tulitazame kwa makini. Methali hii yatuambia tustahimili kwa sababu mwishowe tutakula. Je, ikiwa hatutakula? Ikiwa tunda litaiva baada ya sisi kuzikwa, tutakuwa na sababu gani ya kustahimili? Hapo ndipo nguvu za mwanadamu zinapokwisha, na hapo ndipo saburi ya Kikristo inapoanza. Katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 11, twasoma habari za watu walioishi na kufa katika imani. Ahadi waliiona kwa mbali tu, wakaisalimu kama msafiri anavyosalimu mji ulio ng'ambo ya mto, na hawakufika. Hata hivyo Maandiko hayawahesabu kuwa watu walioshindwa. Mungu mwenyewe haoni haya kuitwa Mungu wao.

Ili tulione jambo hili kwa macho yetu, twendeni pamoja mpaka Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, karibu na Mazeras.

Mwaka 1844 alifika Mombasa mtu mmoja aliyeitwa Johann Ludwig Krapf. Alikuwa Mjerumani, aliyetumwa na CMS, chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Alikuwa amekwisha kufanya kazi Ethiopia kwa miaka kadhaa, hata akafungiwa njia huko. Alikuja na mkewe, Rosine. Miezi michache tu ilipita. Mnamo Julai mwaka ule ule Rosine akajifungua mtoto wa kike, na homa ikawakamata. Rosine akafa, na baada ya siku chache mtoto naye akafa. Wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi lile liko mpaka leo.

Krapf alikuwa mgonjwa mwenyewe, hata kusimama kaburini ilikuwa shida. Alipopata nguvu akawaandikia wakubwa wake London. Hakuwaandikia kwamba kazi imekwisha. Aliwaambia kwamba kaburi lile ni dalili ya kuwa kazi imeanza, na kwamba saa imefika ya kuipeleka Injili barani kutoka pwani hii ya mashariki. Na katika mwaka huo huo wa msiba alikuwa ameketi na msomi mmoja Mwislamu wa Mombasa, akijifunza Kiswahili kwake, na akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo.

Krapf alikuwa na ndoto kubwa. Aliona moyoni mwake vituo vya misioni vikifuatana kama shanga katika uzi, kutoka Mombasa mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Jambo hilo, kwa mtu mmoja mwenye homa, asiye na mke wala mwenzi wa kazi, lilikuwa kama kutaka kulivuka ziwa kwa ufuo wa maji.

Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26. Mwezi wa Agosti wakahamia Rabai, baada ya wazee wa mahali pale kukubali kuwapa mahali pa kukaa. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja, basi wakapokezana kumpanda wakikwea kilima. Huo ndio mwanzo wa kituo cha kwanza cha misioni cha Kanisa letu katika nchi hii. Haukuwa mwanzo wa fahari.

Na matunda yalikuwa wapi? Ndugu wapenzi, kwa miaka mingi waliobatizwa walihesabika kwa vidole vya mikono. Wa kwanza kuamini alikuwa mtu mmoja mlemavu jina lake Mringe, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Fikirini jambo hilo. Wamesafiri kutoka Ulaya, wamezika mke na mtoto, wamejenga kibanda kwa mikono yao, na mshirika wao wa kwanza anafariki.

Tena wakasafiri bara. Mnamo tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiwa na kiongozi wake Bwana Kheri, aliuona mlima Kilimanjaro wenye kilele cheupe. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile cheupe isipokuwa kusema kwamba ni baridi. Rebmann alifahamu kwamba ni theluji, akaandika hivyo. Wasomi wengine wa London walimkatalia. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba macho ya mmisionari yamemdanganya. Kwa zaidi ya miaka kumi neno lake halikukubaliwa na wote, mpaka wasafiri wengine walipoupanda mlima ule katika miaka ya 1861 na 1862 wakathibitisha. Mwaka 1849, katika safari ya kutaka kufika mbali zaidi, Mangi wa Machame alimtoza Rebmann bidhaa zake mpaka akabaki mikono mitupu, akarudi Rabai mgonjwa.

Krapf naye alikwenda Ukambani. Huko, kwa msaada wa Kivoi, mkubwa wa biashara wa Kitui, aliuona Mlima Kenya mwaka 1849. Alirudi tena mwaka 1851 akitumaini kuanzisha kituo. Karibu na mto Tana wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake nyikani. Hakuwa na kibuyu, akajaza maji katika mtutu wa bunduki yake ili asife kwa kiu. Alifika Rabai akiwa hai, lakini kituo cha Ukambani hakikuanza. Mwaka 1853 afya yake iliharibika kabisa, naye akarudi Ujerumani.

Rebmann akabaki. Alikuwa mtu wa namna nyingine. Krapf alipenda kwenda mbele daima, lakini Rebmann aliamini kukaa mahali pamoja. Alikaa pwani hii kwa miaka 29, tangu 1846 hata 1875. Mtoto wake alikufa angali mchanga, na mkewe Emma akafariki mwaka 1866. Macho yake yakaanza kufifia. Na katika miaka hiyo yote kazi yake kubwa ilikuwa kuandika maneno. Alikaa na mtu mmoja aliyeitwa Salimini, ambaye alitekwa utumwani kutoka nchi tunayoiita leo Malawi, akamwuliza neno moja, akaliandika, akamwuliza lingine. Hivyo akatunga kamusi ya lugha ya nchi ambayo yeye mwenyewe hakuikanyaga kamwe. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alipofika Mombasa kwa ajili ya jambo la kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta Rebmann karibu kipofu, angali anafanya kazi na kamusi zake. Rebmann alirudi Ujerumani mwaka 1875, akafa mwaka uliofuata. Kamusi ile ya Salimini ilipigwa chapa mwaka 1877. Mwandishi hakuishika mkononi.

Tunaweza kusema, basi, kwamba watu hawa walipoteza maisha yao bure? Tungepita Rabai mwaka ule wa 1875, huenda tungesema hivyo. Lakini sikilizeni yaliyofuata.

Mwaka 1864 walikuwa wamekuja Rabai Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa India, miongoni mwao William Jones, Ishmael Semler na George David. Hao ndio waliomsaidia Rebmann katika miaka ya upweke na kulitunza kundi dogo. Mwaka 1875, mwaka ule ule Rebmann alipoondoka, kijiji cha Freretown kilianzishwa kwa ajili ya watumwa waliowekwa huru. Mwaka 1885 Askofu James Hannington akawawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi, Waafrika wa kwanza wa Kanisa letu katika sehemu hizi kupewa daraja hiyo. Krapf hakuwaona, kwa maana alikufa mwaka 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, na wengi waliotafsiri na kufundisha baada yake walianza pale alipoachia. Mwaka 1970 Kanisa la Kenya likawa Jimbo lenye Askofu Mkuu wake mwenyewe, Festo Olang'. Mnyororo wa vituo ambao Krapf aliuota haukujengwa jinsi alivyoupanga. Lakini nendeni leo kutoka Mombasa mpaka Busia siku ya Jumapili, mwone kama kuna mahali ambapo Neno halisomwi.

Sasa tujifunze kutoka kilima cha Rabai mambo manne.

Kwanza, tulijaribu kusudi letu kabla ya kulivumilia. Si kila ndoto imetoka kwa Mungu, na si kila anayeng'ang'ania ana saburi. Farao naye aling'ang'ania. Basi tujiulize: Je, jambo hili litawafaa wengine, au litanipandisha mimi tu? Je, ningelitaka bado kama jina langu halitaandikwa ukutani? Je, laweza kufanyika bila uongo, bila rushwa, bila kumdhulumu ndugu? Na je, waaminio wanaonijua vizuri, watu wa sala, wanasema nini? Mtu mkaidi hataki kuulizwa maswali haya. Mwenye saburi anayakaribisha, kwa sababu hapendi kupanda mbegu yake katika shamba la mwingine.

Pili, tufanye kazi ya leo. Rebmann hangeweza kuandika kamusi kwa siku moja. Angeweza kuandika neno moja. Msichana wetu wa sokoni hawezi leo kulipa karo yote. Aweza kuweka shilingi chache, na kusoma kurasa mbili za kitabu cha bayolojia kabla taa haijazimwa. Kijana aliyeacha pombe hajaitwa kushinda miaka thelathini ijayo jioni ya leo. Ameitwa kupita mlango ule mara moja, leo. Bwana wetu alitufundisha kuomba mkate wa siku, wala hakusema tuombe ghala la mwaka. Anayeibeba kesho yote mgongoni mwake ataanguka kabla ya saa sita mchana.

Tatu, tusione haya kulia, wala tusione haya kupumzika. Wako watu wanaodhani kwamba mwenye imani hana machozi. Basi na wasome Zaburi. Wamsome Eliya katika 1 Wafalme, mlango wa 19. Nabii yule alilala chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea kwanza. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kwake. Ndipo baadaye akasema naye. Mama mjane uliyechoka, inawezekana leo Mungu hakuagizi kazi nyingine. Inawezekana anakuagiza ule, ulale, na umwache dada mmoja wa kanisani akuchotee maji. Krapf naye, afya ilipomshinda, aliiacha njia ya Rabai lakini hakuiacha kazi. Akiwa Ujerumani aliendelea na lugha zetu kwa kalamu, na mwaka 1862 alirudi pwani kuwasaidia ndugu Wamethodisti kuanza kituo chao cha Ribe. Kubadili njia si kukana wito. Mlango ukifungwa, tutazame kama Mungu ameacha dirisha.

Hapa tuwaambie neno ninyi mlio na nguvu. Mara nyingi anayechoka anachoka kwa sababu ameachwa peke yake. Rebmann alikuwa na Salimini, alikuwa na Jones na wenzake. Kila mwenye kusudi jema katika kanisa lako ana haja ya mtu wa kuketi naye. Usimwambie tu kwamba utamwombea. Muulize karo imebaki kiasi gani. Na kama kuta za kanisa lenu zimeota nyasi, Jumamosi hii chukueni majembe mkang'oe nyasi hizo, hata kama hamna fedha ya jiwe moja. Mkono ulioshika kazi huurudisha moyo uliokimbia.

Nne, na hili ndilo kubwa, tumwachie Mungu mavuno. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, lakini ukuzaji ni wa Mungu. Yaani shamba si letu. Tukilifahamu hilo, mzigo mzito unashuka mabegani mwetu. Mwenye shamba ndiye atakayeulizwa kwa nini mvua imechelewa. Mfanyakazi ataulizwa kama alipanda alipoambiwa apande.

Lakini mtu aweza kusema, "Maneno hayo ni mazuri, ila ni maneno ya kumfariji aliyeshindwa. Nina faida gani mimi ikiwa wengine watakula nami nimekwisha kuwa udongo?" Ni swali la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Tena hatutasema kwamba kila aliye na imani atapata alichokiota. Hilo Maandiko hayakuahidi. Wako wasichana waliotaka kuwa wauguzi ambao hawatakuwa. Wako akina mama ambao hawataona mtoto wa mwisho akimaliza shule. Mhubiri anayeahidi mambo hayo kwa kila mtu anaahidi mali isiyo yake.

Jibu letu ni kaburi lililo tupu. Katika 1 Wakorintho, mlango wa 15, Paulo anaeleza kwa maneno mengi habari za kufufuka kwa Bwana Yesu, na kufufuka kwetu sisi tulio wake. Na angalieni anavyomaliza mlango ule. Anamalizia na kazi. Anatuambia tusimame imara, tusitikisike, tuzidi sana kutenda kazi ya Bwana, kwa kuwa taabu yetu katika Bwana si bure. Kwa nini si bure? Kwa sababu Kristo amefufuka, na mauti haina tena uwezo wa kufunga hesabu. Kama mauti ingekuwa mwisho, kaburi la Rosine lingekuwa hasara tu. Lakini hesabu ya mwisho haiko kaburini.

Ndiyo sababu Bwana wetu, katika Yohana mlango wa 4, alisema habari za siku ambayo apandaye na avunaye watafurahi pamoja. Pamoja, ndugu zangu! Krapf hakumwona Jones akiwekewa mikono. Rebmann hakuishika kamusi yake. Mringe alibatizwa leo akafa kesho, wala hakujua kwamba nyuma yake watakuja maelfu. Lakini siku ile mpanzi hataachwa nje ya karamu ya mavuno. Ataketi na aliyevuna, na watakula meza moja. Basi methali ya wazee wetu ilisema kweli, tena kuliko walivyojua wenyewe. Mstahimilivu hula mbivu. Ila mahali pa kula ni pakubwa kuliko dunia hii, na mwenye karamu ni Mwana-Kondoo.

Kwa hiyo, wewe uliyechoka, usihesabu leo miaka iliyopita. Usifukue udongo ili uone kama mbegu imeota. Angalia mkononi mwako kama imebaki punje moja, na kama jibu ni ndiyo, basi ipande. Ukifika jioni, mwambie Bwana, "Nimepanda niliyokuwa nayo," kisha ulale.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliye na shamba na mavuno, tunakushukuru kwa ajili ya wote waliopanda katika nchi yetu kwa machozi, nao hawakuona. Utukumbuke sisi tuliochoka njiani. Utuondolee makusudi yasiyotoka kwako, na yale yaliyo yako uyatie nguvu mikononi mwetu. Uwape walio peke yao ndugu wa kuketi nao. Utupe mkate wa leo na kazi ya leo, na usingizi wa amani jioni. Na siku ile kuu utuketishe mezani pako, apandaye na avunaye pamoja, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote, mpaka tutakapokutana tena.